Kilomita nyingi si ujuzi: tujifunze kuendesha nduthi kabla lami haijatufunza

Nilikuwa na miaka miwili kwenye nduthi siku niliyomvunja binamu yangu mkono.

Naanza na hiyo kwa sababu wengi mnaonisoma mnadhani mimi ni msee wa pikipiki wa tangu zamani, msee anayejua. Hata mimi siku hiyo nilidhani hivyo. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imegoma, nikachukua mkopo wa chama nikanunua 150 iliyotumika, na kutoka hapo nikawa barabarani saa kumi kila siku na chakula cha watu mgongoni. Nilijua kila njia ya mkato kutoka Buruburu hadi Kilimani. Mvua naenda, usiku naenda. Ungeniuliza kama najua kuendesha, ningekucheka.

Ilikuwa Jogoo Road, saa kumi na mbili jioni, mvua imetoka kupita. Kasi yangu ilikuwa kama 50 hivi, hakuna la ajabu. Matatu iliyokuwa mbele ikasimama ghafla mahali ambapo si stegi, makanga akaruka chini. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Hilo ndilo linaloninyima usingizi hadi leo. Nafasi ilikuwepo. Nikakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zangu zote jinsi nilivyozoea, gurudumu la nyuma likafunga, nduthi ikaanza kuteleza ubavu, na macho yangu yakaganda kwenye bampa ya ile matatu mpaka tukaigonga. Mkono wangu wa kulia haukugusa breki ya mbele hata kidogo. Mimi nilichubuka goti. Binamu, ambaye nilikuwa nimempitia kazini nimrudishe nyumbani, alivunjika mkono mahali pawili. Yeye ni fundi wa cherehani. Miezi minne hakushona hata kitufe.

Sasa, ningeweza kuandika makala nzima ya kulaani matatu. Ni rahisi na mngenipa likes. Makanga alikosa, dereva alikosa, sina ubishi. Lakini matatu zitasimama vibaya kesho, na kesho kutwa, na mimi bado nitakuwa nyuma yao. Swali langu ni kuhusu ule mkono wangu wa kulia. Kwa nini baada ya miaka miwili na maelfu ya kilomita, mkono haukujua kazi yake?

Jibu ni kwamba hakuna aliyewahi kuufunza. Niliingia shule ya udereva, jina naliweka, nikaendesha mduara mara kadhaa, nikaonyeshwa ubao wenye magari ya kuchezea, nikapita. Kusimama kwa dharura sikufanyishwa hata mara moja. Yaliyobaki nilifunzwa na mabeste wa stegi, na somo la kwanza kabisa nililopewa stegi lilikuwa hili: buda, usiguse breki ya mbele, itakurusha. Najua mmelisikia. Nimeona hadi wasee wanaolegeza kebo ya breki ya mbele kusudi isishike, halafu wanapakia abiria wawili na gunia la viazi.

Kuna utafiti mmoja wa kitambo ambao kila mtu wa pikipiki angefaa kuujua. Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na timu yake walifika kwenye zaidi ya ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles, wakapima alama za matairi barabarani, wakauliza maswali, na ripoti ikatoka mwaka 1981. Ni Marekani, ni zamani, nakubali. Lakini soma walichokuta kisha uniambie kama si Jogoo Road. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Kasi ya kawaida kabla ya hatari kuanza ilikuwa kama kilomita 48 kwa saa, yaani kasi ya mtu anayeenda dukani. Muda wa kufanya chochote cha kujiokoa ulikuwa chini kidogo ya sekunde mbili. Na ndani ya hizo sekunde mbili wengi walifanya kosa lilelile: walikanyaga breki ya nyuma hadi gurudumu likafunga, na ile ya mbele wakaigusa kidogo mno. Kukwepa kwa kuisukuma pikipiki upande hawakujua kabisa.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilihisi kama kuna mtu alikuwa amesimama kando ya barabara siku ile akiniandikia ripoti.

Kwa hivyo msimamo wangu leo ni huu, na najua kuna wasee watanipiga vita stegi. Kilomita si ujuzi. Miaka kumi barabarani inaweza kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara kumi, ukikomaza kosa moja hadi likawa tabia. Ujuzi unapatikana unapochukua jambo moja, ukalifanya polepole mahali ambapo hakuna atakayekugonga, ukalirudia hadi mwili ulijue bila kuuliza kichwa. Wachezaji wa mpira wanafanya mazoezi kabla ya mechi. Sisi tunaingia mechi kila siku na mazoezi hatujawahi.

Tuanze na breki, maana ndiyo iliyonichoma. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wote unasukumwa mbele. Utauona mwenyewe, ile shoko ya mbele inazama. Gurudumu la mbele linakandamizwa kwenye lami na kupata mshiko, huku la nyuma likiwa jepesi karibu kuinuka. Ndiyo maana nguvu kubwa ya kusimama iko mbele, na ndiyo maana ya nyuma ikikanyagwa peke yake inafunga haraka na kuteleza. Kinachowarusha watu si breki ya mbele, ni kuinyakua. Ukiinyakua kabla uzito haujafika mbele, tairi halina mshiko na linakimbia. Unatakiwa kukamua. Kama ulilelewa karibu na ng'ombe unajua tofauti ya kukamua na kuvuta. Unaanza kwa upole, unasubiri nusu sekunde shoko izame, halafu unaongeza, unaongeza. Ukihisi tairi linalia au linateleza unalegeza kidogo, kisha unarudi.

Piga hesabu na mimi. Kwa kilomita 50 kwa saa unakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye lami kavu, mtu anayetumia breki zote mbili vizuri anaweza kusimama kwa mita zingine kama 14, yaani urefu wa matatu tatu hivi zikiwa zimepangana. Anayetegemea ya nyuma peke yake anahitaji karibu mara mbili ya hapo. Na kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne: ukiwa 100, zile mita 14 zinakuwa kama 55, na hiyo ni baada ya kugusa breki. Kabla ya kugusa, macho yaone, kichwa kiamue, vidole visafiri. Vidole viwili vikikaa tayari juu ya mkono wa breki unapopita stegi, unaokoa labda nusu sekunde, na nusu sekunde kwa hiyo kasi ya 50 ni mita saba. Mimi siku ile ningehitaji kama mita nne.

Nyingi ya nduthi zetu za kazi zina breki za dramu na hazina mfumo wa kuzuia gurudumu lisifunge, kwa hivyo hakuna kompyuta itakayokuokoa. Kompyuta ni vidole vyako. Habari njema ni kwamba vidole vinafunzika bei rahisi. Aliyenifunza mimi ni fundi mmoja mzee wa mtaani, mtu wa maneno machache, aliyewahi kuendesha pikipiki za safari miaka hiyo. Alinipeleka kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa, siku ya kazi ukiwa mtupu, akajaza mchanga chupa nne za maji za nusu lita akazipanga kuwa lango. Ukifika kwenye chupa, simama. Tulianza na mwendo wa 20. Mara kumi. Halafu 30. Mara kumi. Alikuwa anahesabu kwa hatua zake kutoka kwenye chupa hadi gurudumu langu la mbele na kutamka nambari bila kuongeza neno. Siku ya kwanza, kwa mwendo wa 40, nilitumia hatua 19. Baada ya wiki tatu nilikuwa 11. Nduthi ileile, matairi yaleyale, msee yuleyule.

Ukienda kujaribu, hakikisha sakafu ni kavu na haina changarawe, pima upepo wa matairi kwanza, vaa helmeti na glavu na viatu vinavyofunika kifundo, na usiende peke yako. Usianze na 40 ndiyo urekodi video. Najua mnavyopenda video.

Jambo la pili ni macho. Pikipiki inakwenda unakoangalia. Si falsafa, ni mwili: kichwa kikigeuka, mabega yanafuata, mikono inafuata mabega. Ukikodolea shimo utaliingia hata kama kuna mita mbili za lami safi kila upande, na kila mtu wa boda ana hadithi ya aina hiyo. Kwenye hatari, macho yanataka kuganda kwenye kitu kinachotisha, na kuyabandua hapo kunahitaji mazoezi kama breki zinavyohitaji. Kule uwanjani tulifanya kwa kugeuza nduthi nusu mzunguko kwenye nafasi nyembamba: klachi nusu, breki ya nyuma kidogo (hapa ndipo kazi yake ilipo hasa), kidevu kimegeuka hadi begani kutazama unakotaka kutokea. Ukitazama chini unaweka mguu. Kila mara. Ni zoezi la aibu kidogo, msee mzima anaangukaanguka kwa mwendo wa mtu anayetembea, lakini ukiliweza, msongamano wa Moi Avenue unakuwa kama mchezo.

La tatu linashangaza watu. Ukiwa juu ya mwendo wa kama 20, pikipiki haigeuzwi kwa kuzungusha usukani kama baiskeli ya mtoto. Inageuka kwa kuinama, na inainama ukisukuma mpini wa upande unaotaka kwenda. Unataka kushoto, sukuma mkono wa kushoto mbele. Inasikika kama uongo. Siku ukipata barabara pana na tupu, ukiwa 40, sukuma kidogo tu kwa kiganja kimoja, uone. Umekuwa ukifanya hivyo siku zote bila kujua, la sivyo usingepita kona hata moja. Tofauti ni kwamba anayejua anaweza kufanya kwa makusudi na kwa haraka mlango wa gari unapofunguka mbele yake. Anayefanya bila kujua, hofu ikimshika, anavuta upande usiofaa au anakuwa mgumu kama mti. Na usichanganye: ama unasimama, ama unakwepa. Tairi lina mshiko wa kiasi, ukiutumia wote kwa breki hakuna unaobaki wa kugeukia.

Kuna Mmarekani anayeitwa Keith Code, alianzisha California Superbike School mwaka 1980 na kuandika kitabu, A Twist of the Wrist. Ndani yake anafananisha umakini wa mwendeshaji na noti ya dola 10: kila jambo unalolifikiria linakata kiasi. Tuseme wewe una thao moja. Mgeni wa nduthi anatumia mia tano kwa klachi na gia, mia tatu kwa breki, na ile mia mbili iliyobaki ndiyo inatazama barabara. Ukifanya mazoezi, klachi inashuka hadi shilingi tano. Huwi na pesa zaidi, ila sasa una karibu mia saba za kuona yule mtoto anayekimbiza mpira kati ya magari. Sijapata mtu aliyeeleza hii kitu vizuri zaidi.

Sasa tuingie upande wa pili, wa wale wenzangu wenye madude makubwa ya 600 na 1000. Mnajijua. Jumapili alfajiri, Thika Road, sauti inaamsha mtu hadi Githurai. Au Southern Bypass. Au kupanda na kushuka Magadi Road hadi Kona Baridi, ambapo jina lenyewe linakuonya. (Expressway hatukubaliwi, na nikiwaangalia wengine wetu naona kwa nini.) Wanapoulizwa wanasema wanajifunza pikipiki. Nina heshima, wengine wamenifunza mengi, lakini hapana. Kufungua mafuta kwenye barabara iliyonyooka hakufunzi chochote ila kufungua mafuta. Hata tumbili angeweza. Ujuzi uko kwenye kufunga, kugeuka na kusimama, na hivyo huwezi kuvirudia mara ishirini kwenye barabara yenye malori, mbuzi, mchanga uliomwagika na mama anayevuka kwenda kanisani.

Mahali pa hiyo kazi ni treki, na siku ya treki si mashindano. Hilo halieleweki sana huku kwetu, kwa hivyo nieleze jinsi inavyoendeshwa kule ilikozoeleka, Uingereza kwa mfano. Unalipa, unakaguliwa wewe na pikipiki: matairi, breki, mafuta yasiyovuja, suti ya ngozi, glavu. Taa zinafunikwa kwa gundi ya karatasi ili zikivunjika vioo visibaki njiani, vioo vya kutazama nyuma vinatolewa au vinafunikwa, maana kazi yako ni mbele. Mnagawanywa makundi kulingana na uwezo: wageni, wa katikati, wenye kasi. Kila kundi linapewa kama dakika 15 au 20, linatoka, lingine linaingia. Kundi la wageni lina masharti makali ya kupita mwenzako. Bendera ya njano, punguza, kuna shida mbele. Nyekundu, kipindi kimesimama, rudi polepole. Hakuna mshindi wala kikombe. Kuna kona ileile, mara ya kwanza, ya tano, ya ishirini, na hakuna kinachokuja upande wa pili.

Huo ndio utajiri wake. Nimehudhuria siku moja tu ya mazoezi ya aina hiyo, nje ya Nairobi, kwa pikipiki ya kuazima, na nilijifunza kitu kimoja ambacho barabara haikunipa kwa miaka mitano. Kila nilipoona nimeingia kona kwa kasi kidogo, mkono ulikuwa unafunga mafuta wenyewe, mwili unakauka, na pikipiki inapanuka kwenda nje. Mwalimu akaniambia nipunguze kasi yote kabla ya kona, nitazame mahali ninapotokea, halafu nifungue mafuta kwa upole sana na kuendelea hivyo hadi mwisho. Mara ya nane hivi mwili ulitulia, nikawa napumua ndani ya kona. Sikujua kwamba siku zote nilikuwa nabana pumzi.

Lakini kuna yasiyofaa kurudi nayo nyumbani. Treki inakuruhusu kutumia upana wote wa lami, kutoka ukingo hadi ukingo. Kiambu Road ukifanya hivyo utakutana na pua ya lori. Treki unajua mshiko ulivyo kwa sababu umepita hapo dakika moja iliyopita. Barabarani kuna dizeli iliyomwagika, kuna tuta ambalo halikuwepo wiki jana. Treki unatafuta mpaka wa uwezo wako, mtaani unakaa mbali nao na kuacha akiba. Kila kundi lina jamaa aliyekwenda treki mara moja akarudi akijiona Rossi. Ukimwona, muache atangulie.

Na hao akina Rossi wenyewe, bingwa wa dunia mara tisa, wanafanyaje mazoezi? Valentino Rossi alijenga uwanja wa vumbi kwao Tavullia, Italia, na vijana wake wa mbio wanazunguka hapo kwenye udongo, gurudumu la nyuma likiteleza. Wanajifunza kukaa watulivu pikipiki inapocheza chini yao. Sasa niambie, ni nini Kenya tumejaliwa kwa wingi kuliko vumbi? Nduthi ya 150 kwenye uwanja wa udongo, mwendo wa 25 au 30, ukikanyaga breki ya nyuma hadi ifunge kwa makusudi na kuiachilia, kunyoosha, kurudia, ni darasa ambalo mzungu analilipia. Ukianguka unaamka na vumbi. Nairobi pia kuna motokrosi, Jamhuri, na hata ukienda tu kusimama kando na kutazama jinsi watoto wadogo wanavyoinuka kwenye viti na kuiacha pikipiki itikisike chini yao, utarudi umejifunza.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza ni pesa. Msee wa boda ana mkopo wa kulipa kila siku, akisimama saa mbili kufanya mazoezi ya chupa za mchanga anakosa pesa ya unga. Sitamjibu kwa kejeli maana nimekuwa yeye. Nitamjibu kwa hesabu niliyoilipa: nduthi yangu ilikaa gereji wiki tatu, mkopo ukiendelea kuhesabu, na gharama za hospitali za binamu tulizichangisha familia nzima. Saa mbili za uwanja wa kanisa zilikuwa bure. Ya pili ni kwamba ajali ni mipango ya Mungu. Juu ya hiyo nasema tu kwamba Mungu hakunikataza kutumia breki ya mbele.

Ya tatu ndiyo ya maana zaidi: kwamba nikimfunza kijana kona na breki, atajiona mkali na kuongeza kasi. Inatokea. Ujuzi bila adabu unaua, nimeshazika mmoja aliyekuwa na ujuzi kuniliko. Ndiyo sababu mazoezi yasiwe ya kasi kamwe, yawe ya umbali wa kusimama. Anayepima hatua zake kwenye chupa anajua kwa macho yake mwenyewe kwamba akiwa 80 hawezi kusimama ndani ya nafasi aliyoacha. Mimi tangu nizihesabu napita polepole zaidi karibu na matatu, na hakuna aliyenilazimisha.

Helmeti sitaizungumzia sana, mmechoka kuambiwa. Shirika la Afya Duniani limewahi kutaja makadirio kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sheria yetu inaidai kwako na kwa abiria. Ile inayoning'inia kwenye kiwiko haihesabiki.

Kwa wenye mamlaka nina matatu. Wanaopanga mtihani wa leseni ya A2 na ile ya A3 ya kubeba abiria wahakikishe hakuna anayepita bila kuonyesha kusimama kwa dharura na kukwepa kizuizi, kweli, kwenye pikipiki, si kwenye ubao. Sacco za boda, ambazo tayari zina viongozi na vikao, zitenge asubuhi moja kwa mwezi kwa kila stegi. Na serikali za kaunti zina viwanja vya kuegesha magari vya stediamu ambavyo siku nyingi vimejaa majani na mbwa. Vifunguliwe. Hatuombi jengo wala bajeti, tunaomba lango na ruhusa ili kanjo wasije kutufukuza.

Kwa klabu za nduthi kubwa nina ombi moja. Ninyi ndio mna pesa za kukodi uwanja uliofungwa na kuleta mwalimu kutoka nje. Kule Athi River kuna kiwanja cha michezo ya magari cha Whistling Morans, na mnawajua watu wanaojua watu. Mkipanga siku yenu, tengeni kundi moja la wasee wa 150, kwa bei wanayoweza. Wao ndio wanaoshinda barabarani kutoka alfajiri hadi usiku, na ndio wanaowabeba mama zenu.

Sisi bado tuko pale kanisani, saa nne asubuhi Jumatatu, kwa hisani ya mchungaji, sharti letu likiwa ni kutopiga kelele na kuzoa chupa zetu. Tulianza wawili, sasa tunafika tisa, wawili wao ni madada wa kupeleka vifurushi ambao wanasimama vizuri kuliko wanaume wote isipokuwa fundi. Wiki iliyopita binamu alikuja. Aliketi kwenye ngazi na kazi yake ya kushona kwa mkono, kisha fundi alipochoka akaomba yeye ndiye ahesabu. Nikaja kwa 40, nikakamua, nikasimama. Akatembea kutoka kwenye chupa, polepole, akihesabu kwa sauti, akafika kwenye gurudumu langu.

"Kumi," akasema. "Rudia."

Nikarudia mara sita. Tulipomaliza nilimpa helmeti ya pili. Akaitazama, akaipima kichwani, akanirudishia, na akaenda stegi kupanda matatu.